MBUNG'O AMETOKA, KUPE AMEBAKI

Katika historia ya ufugaji wa Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba, ni vigumu kutaja ushindi uliokuwa mkubwa kuliko ule wa kumwondoa mbung'o katika kisiwa cha Unguja. Kwa miaka mingi mdudu huyo alitawala misitu na vichaka, na ng'ombe wa maziwa aliyeletwa kutoka nje alikuwa kama mgeni aliyekaribishwa kifoni: alikonda, nywele zikamsimama, damu ikampungua, maziwa yakakatika, na mwisho akafa kwa ndorobo. Ilipofika mwaka 1994, baada ya mbung'o kupunguzwa kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa mitego, ndege ndogo zilianza kumwaga juu ya Unguja madume ya mbung'o waliolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Jike la mbung'o aghalabu hupandwa mara moja tu maishani mwake, na likipandwa na dume tasa halizai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwezi Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imetakasika. Kazi hiyo ilifanywa na Serikali zetu kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na mataifa mengi yamekuja kujifunza kwayo.

Yafaa tujivunie ushindi huo, lakini yafaa pia tuuelewe. Mbung'o alishindwa kwa sababu bahari ilitusaidia: alipokwisha kutoka hakuwa na njia ya kurudi. Mfugaji mwenyewe hakutakiwa kufanya mengi. Magonjwa yanayowaua ndama wetu na kukausha viwele vya ng'ombe wetu hii leo si ya namna hiyo. Hayaondolewi na ndege ipitayo juu ya minazi. Huondolewa bandani, alfajiri na jioni, kwa mikono ya mfugaji mwenyewe na kwa afisa wa mifugo anayefika kwa wakati. Hoja ya makala haya ni moja tu: wanyama wengi wanaotufia hawafi kwa kukosekana dawa duniani, bali kwa kuchelewa. Kuchelewa huko huanza nyumbani kwa mfugaji na huishia ofisini, na pande zote mbili hazina budi kujirekebisha.

NG'OMBE MMOJA NI NYUMBA NZIMA

Wafugaji wengi wa Visiwani hawana makundi makubwa ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa huhesabika kuwa mfugaji, na mwenye mmoja naye ni mfugaji. Huyo mmoja akifa, ni zizi zima limekufa. Akifa ndama jike, hasara yake haionekani siku hiyo, lakini mtamba huchukua miaka miwili na nusu hadi mitatu kabla ya kuzaa mara ya kwanza; kwa hiyo mfugaji amepoteza si ndama tu bali miaka mitatu ya matumaini.

Na tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Ng'ombe anayetoa lita 8 kwa siku hutoa wastani wa lita 2 kwa kila chuchu. Chuchu moja ikifa kwa ugonjwa wa kiwele, na tukadirie kuwa zile tatu hazikuongeza kitu, basi katika siku 300 za kukamuliwa zimepotea lita 600. Katika lita hizo yamo madaftari ya watoto, mafuta ya taa na chumvi ya nyumba, na kwa upande wa Serikali zimo fedha zinazotumika kuagiza maziwa ya unga kutoka ng'ambo.

Ikumbukwe pia kwamba ng'ombe chotara tunayemtaka kwa wingi wa maziwa si sawa na ng'ombe wetu wa kienyeji. Wa kienyeji amerithi uvumilivu wa joto na kupe kutoka kwa wazazi wake wa vizazi vingi, ijapokuwa maziwa yake ni machache. Chotara mwenye damu ya Friesian au Jersey hutoa maziwa mengi, lakini hana uvumilivu huo. Anayemfuga chotara kwa mazoea ya ng'ombe wa kienyeji, akamfunga kamba chini ya mnazi na kumsahau hadi magharibi, anajitafutia msiba.

SAA ZA MWANZO ZA NDAMA

Ndama huzaliwa bila kinga. Mtoto wa binadamu hupewa sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni, lakini kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga hiyo. Yote imo katika maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano yaitwayo dang'a. Utumbo wa ndama huwa wazi kuipokea kinga hiyo kwa saa chache tu. Kila saa ipitayo mlango unazidi kufungwa, na baada ya saa 24 huwa umefungwa kabisa. Ndama aliyekosa dang'a siku ya kwanza hawezi kulipwa deni hilo siku ya pili, hata akinyweshwa ndoo nzima.

Kwa hiyo ndama na anyonye au anyweshwe kabla ya kupita saa 2 tangu kuzaliwa, na katika saa 12 za mwanzo apate kiasi kisichopungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 25 apate lita 2 na nusu, si kwa pamoja bali kwa mara mbili au tatu. Iwapo ng'ombe amezaa usiku, ni usiku huo huo mwenyewe aamke. Iwapo mama amekufa au hana maziwa, itafutwe dang'a ya ng'ombe mwingine aliyezaa karibuni. Anayemwaga dang'a kwa kudhani kuwa ni maziwa machafu, au anayeipika ikaliwa huku ndama hajashiba, amemnyima ndama chanjo yake ya kwanza, nayo haiuzwi dukani.

Jambo la pili ni kitovu. Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi, na uchafu wa sakafu hupitia hapo ukaingia katika damu. Siku chache baadaye ndama huchechemea, magoti yakamvimba, na watu wakasema ameteguka. Kichovyeshwe kitovu katika dawa ya iodini mara tu ndama azaliwapo, na kurudiwa siku ya pili. Chupa moja ndogo ya iodini hutosha ndama wengi.

Jambo la tatu ni kuharisha, ambako huwaua ndama wengi katika mwezi wa kwanza. Aghalabu kuharisha hutokana na ndoo isiyooshwa, na maziwa yaliyopoa au kuzidi kipimo, na banda lenye majimaji, na ndama wadogo kuchanganywa na wakubwa. Anachokufa nacho ndama anayeharisha ni kukaukiwa maji mwilini: macho huzama ndani, ngozi ya shingo ikivutwa hairudi upesi, mdomo huwa baridi. Hapo kwanza na arejeshewe maji, kabla ya kukimbilia sindano. Maji safi ya vuguvugu lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vikorogwe vizuri, naye anyweshwe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kati ya nyakati za maziwa. Maziwa yasikatizwe moja kwa moja, maana ndama mgonjwa naye ana njaa. Mavi yakiwa na damu, au ndama akishindwa kusimama, aitwe bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Wakati wa masika huongezeka kichomi. Banda la ndama halihitaji fahari. Paa la makuti lisilovuja, sakafu iliyoinuka na matandiko makavu, na ukuta upande utokako upepo, vyatosha. Baada ya miezi miwili au mitatu huja zamu ya minyoo. Ndama mwenye minyoo huwa na tumbo kubwa, manyoya yasiyong'aa na uvimbe chini ya taya, ilhali anakula vizuri. Dawa ya minyoo hutolewa kwa kadiri ya uzito na kurudiwa kila miezi mitatu au kama atakavyoelekeza mtaalamu. Wanaokata majani katika mabonde ya mpunga na kando ya madimbwi yenye konokono wamweleze bwana mifugo, kwani huko hupatikana minyoo bapa ya ini, nayo haifi kwa kila dawa.

KUPE NA NDIGANA

Adui aliyebaki baada ya mbung'o ni kupe. Aliye hatari kuliko wote ni kupe kahawia apendaye masikio, achukuaye vimelea vya ndigana kali. Kupe huyu hupanda mnyama mara tatu maishani mwake: akiwa mchanga kabisa, akiwa wa makamo, na akiwa mzima, na kila akishiba huanguka majani. Harithi ugonjwa kutoka kwa mama yake. Huuchota katika damu ya ng'ombe mmoja, kisha humpa ng'ombe atakayemnyonya baadaye.

Kuna jambo moja katika tabia ya kupe huyu ambalo kila mfugaji angepaswa kulijua. Anapouma ng'ombe, vimelea vilivyomo katika mate yake huwa havijakomaa. Huchukua siku tatu hadi nne za kunyonya hata vikawa tayari kuambukiza. Maana yake ni kwamba mfugaji anayekagua ng'ombe wake kila siku, akaingiza vidole masikioni, akainua mkia, akatazama mapajani, chini ya kiwele na shingoni, akawaondoa kupe na kuwachoma moto, amekata njia ya ugonjwa kabla haujapita. Kazi hiyo haihitaji fedha, na mtoto arudipo chuoni aweza kuifanya.

Kukagua kwa mkono hakutoshi pale kupe walipo wengi, na hapo ndipo pa dawa ya kuogeshea. Katika matumizi ya dawa hiyo tunaona makosa matatu. La kwanza ni kupunguza kipimo ili chupa ipate kudumu. Anayefanya hivyo hawaui kupe bali anawafundisha: wanyonge hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa, na baada ya miaka michache dawa hiyo haifai kitu kwa jirani zake wote. La pili ni kumnyunyizia ng'ombe mgongoni tu. Ng'ombe mzima aogeshwaye kwa bomba la mkono huhitaji kiasi cha lita 10 za maji yenye dawa ili alowe hadi ngozini, na masikio na chini ya mkia ndiyo yaanze. La tatu ni kumwaga mabaki ya dawa kisimani, mtoni au karibu na mizinga, ambako huua samaki na nyuki na kudhuru watu. Mwenye kuogesha avae mipira ya mikono na asimame upande utokako upepo.

Dalili za ndigana kali hazijifichi kwa anayetazama. Kwanza ni homa. Joto la ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na nusu za sentigredi. La ndigana hupanda 40, 41 na zaidi. Wakati huo huo huvimba tezi iliyo chini ya sikio, kisha iliyo mbele ya bega, hata mkono ukipapasa hukuta kitu kama yai. Siku hizo za mwanzo ng'ombe aweza kuwa angali anakula kidogo, na hilo huwadanganya wengi. Baadaye hutokwa machozi, huacha kula, hukohoa, hupumua kwa taabu na kutokwa povu puani. Akishafika kwenye povu, mapafu yamejaa maji na matumaini ni machache.

Dawa ya ndigana kali ipo, nayo ni buparvakwoni, lakini nguvu yake ni katika siku za mwanzo. Wafugaji wengi huanza kwa kujichomea wenyewe oksitetrasaiklini, dawa wanayoijua na iliyo rahisi. Dawa hiyo haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza. Siku mbili zinazopotea kwa kungoja matokeo yake ndizo siku mbili ambazo ng'ombe angeweza kuokolewa.

Oksitetrasaiklini ina mahali pake, nako ni katika ndigana baridi. Ng'ombe wa ndigana baridi huwa na homa, ufizi na ndani ya macho huwa peupe kisha huingia umanjano, mavi huwa makavu na magumu, na mkojo haubadiliki kuwa damu. Ugonjwa huu huchukuliwa na kupe na nzi waumao, na huchukuliwa pia na sindano au kisu kinachotumika kwa ng'ombe mmoja baada ya mwingine bila kusafishwa. Mwenye mkojo mwekundu kama maji ya ubuyu ana ugonjwa mwingine wa kupe, na dawa yake ni nyingine. Ugonjwa huo una ajabu yake: ndama huustahimili kuliko ng'ombe mzima. Aliyekulia penye kupe wachache akaupata udogoni hupata kinga; aliyenunuliwa akiwa mkubwa kutoka shamba lisilo na kupe huanguka mwezi wa kwanza. Wanaoingiza mitamba ya bei kubwa kutoka nje na wazingatie hilo.

CHANJO IPO, LAKINI YATAKA UMOJA

Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga, nchini Kenya, walitengeneza njia ya kumkinga ng'ombe na ndigana kali. Mnyama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo huchomwa dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu ili kuuzuia ugonjwa usikue. Mwili hujifunza kupigana, na kinga ipatikanayo aghalabu hudumu maisha yote. Ndama aliyechanjwa huwekewa kipini sikioni ili ajulikane.

Kwa kuwa vimelea hivyo ni hai, chanjo huhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa hutumika kwa saa chache tu, kisha humwagwa. Kijirija kimoja huwa na dozi za ndama wengi. Hii ndiyo sababu mfugaji mmoja mwenye ndama mmoja hawezi kuifuata peke yake, wala afisa hawezi kuileta kwa ajili ya nyumba moja. Shehia nzima yapaswa ijiandikishe, ndama wakusanywe siku moja, mtaalamu aje, na wiki zinazofuata arudi kuwatazama, kwani wachache huweza kupata homa ya kutaka tiba. Kuchanja si ruhusa ya kuacha kuwaondoa kupe: chanjo hii haikingi ndigana baridi wala mkojo mwekundu.

KIWELE NA MIKONO YA MKAMUAJI

Ugonjwa wa kiwele hauui ng'ombe mara nyingi, na kwa ajili hiyo hudharauliwa. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Kiwele kikishavimba, kikawa na moto na maziwa yakatoka mabonge au damu, kila mtu huona. Ugonjwa ulio mwingi zaidi ni ule uliojificha, ambao maziwa yake hayana kasoro kwa macho ilhali yamepungua, na ng'ombe huyo huwaambukiza wenziwe kupitia mikono ya mkamuaji.

Kinga yake ni taratibu za kila siku. Mkamuaji akate kucha na anawe kwa sabuni. Kiwele kioshwe kwa maji safi na kukaushwa kwa kitambaa, kila ng'ombe na kitambaa chake. Matone ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe katika kikombe cheusi, ambamo mabonge huonekana upesi, wala yasimwagwe sakafuni kusambaza ugonjwa. Ng'ombe akamuliwe hadi maziwa yaishe, kwa kiganja kizima na si kwa kuvuta chuchu. Amalizapo, kila chuchu ichovywe katika dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha apewe majani ili asimame kwa nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu huchelewa kujifunga, na akilala upesi uchafu huingia. Mwenye ugonjwa akamuliwe mwisho. Ng'ombe mwenye mimba apumzishwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa, na huo ndio wakati mzuri wa kutibu kiwele kilichokuwa kikisumbua. Maafisa wetu wana kipimo chepesi cha sahani yenye vikombe vinne na maji ya dawa, kinachofichua ugonjwa uliojificha kwa dakika chache. Mfugaji ana haki ya kukiulizia.

Baada ya kuzaa kuna hatari nyingine inayowapata hasa wale wenye maziwa mengi, nayo ni homa ya maziwa. Ingawa jina lake ni homa, ng'ombe huwa baridi. Katika siku mbili au tatu baada ya kuzaa huyumba, hulala, masikio hupoa, na hupindisha shingo ubavuni kana kwamba amesinzia. Madini ya chokaa yamepungua katika damu. Mtaalamu humtia dawa ya madini hayo mshipani polepole, na mara nyingi ng'ombe huinuka siku hiyo hiyo. Ni mwiko kumnywesha ng'ombe aliyelala hivyo maji au dawa kwa chupa, kwani huingia mapafuni. Akalishwe kifudifudi akiegemezwa magunia ya majani, na bwana mifugo aitwe bila kungoja asubuhi.

MAZIWA NI CHAKULA CHA WATU

Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa za vijasumu hayauzwi wala kunywewa mpaka zipite siku zilizoandikwa juu ya chupa ya dawa. Anayeyachanganya na mazuri anawauzia watoto wa jirani dawa wasiyoihitaji, na kuwazoesha wadudu wa maradhi dawa ambayo kesho itahitajiwa hospitalini.

Aidha, ng'ombe anayetupa mimba katika miezi ya mwisho asichukuliwe kuwa ni bahati mbaya tu. Huenda ni ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata binadamu pia, ukamletea homa zisizokwisha na maumivu ya viungo yanayodhaniwa kuwa malaria. Kondo na mimba iliyotupwa visishikwe kwa mikono mitupu wala kuachiwa mbwa. Vifukiwe shimo refu, na taarifa itolewe. Maziwa yachemshwe kila siku, hata yale ya ng'ombe anayeonekana mzima.

BAHARI NI UKUTA NA NI NJIA

Ndigana kali ina jina jingine katika vitabu vya kigeni: huitwa homa ya Pwani ya Mashariki, yaani pwani yetu hii. Ilipewa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki walipoupeleka ugonjwa huo kusini, ukapita bandari ya Beira na kuingia nchi za ndani. Afrika Kusini ilichukua takriban nusu karne kuung'oa. Habari hiyo na iwe somo kwetu. Bahari iliyomzuia mbung'o asirudi ndiyo hiyo hiyo inayoleta jahazi lenye ng'ombe wasiokaguliwa, na pamoja nao kupe, ugonjwa wa miguu na midomo, na mapele ya ngozi.

Kwa hiyo mnyama anayeshushwa usiku katika bandari ya kienyeji, bila cheti na bila karantini, si biashara ya mtu mmoja. Ni hatari kwa zizi la kila mtu. Wananchi wasione haya kutoa taarifa, na maafisa wa bandarini wasione huruma isiyo na mahali pake.

WAJIBU WA KILA UPANDE

Tumesema ya mfugaji; sasa tuseme ya Serikali. Mfugaji anayeambiwa awahi kutoa taarifa ni lazima awe na wa kumpa taarifa hiyo. Bwana mifugo asiye na usafiri, wala kipimajoto, wala dawa mkobani, ni jina tu. Mambo yanayotakiwa si ya anasa. Kwanza, kila shehia ijue afisa wake ni nani na anapatikana vipi, usiku na siku za mapumziko, kwani ng'ombe hazai kwa saa za ofisi. Pili, dawa ya ndigana kali, dawa ya kuogeshea na iodini zipatikane Mkoani na Makunduchi kama zinavyopatikana mjini, na dawa hafifu ziondolewe madukani. Tatu, chanjo ya ndigana kali iwe na ratiba inayotangazwa mapema, ili masheha wawaandikishe ndama kabla ya mtungi wa naitrojeni kufika. Nne, maafisa wafundishe nyumba nzima. Mara nyingi mwanamke na watoto ndio wakamuao na wakatao majani, ilhali semina huhudhuriwa na mwanamume. Anayemwona ng'ombe kila siku ndiye wa kufundishwa dalili.

Kwa upande wake, mfugaji na awe na daftari. Aandike tarehe ya kupandishwa na ya kuzaa, chanjo na kuogesha, dawa iliyotolewa na siku maziwa yalipopungua. Afisa anayefika na kukuta daftari huokoa muda wa kuulizana, na Wizara inayokusanya madaftari hayo hujua ni ugonjwa gani umeenea wapi, badala ya kukisia. Wafugaji wa mtaa mmoja washirikiane kununua bomba na dawa, na waogeshe siku moja, kwa kuwa kupe wa jirani hatambui mpaka wa shamba.

Hakuna katika haya lililo zito kwa watu waliomfukuza mbung'o. Hata hivyo zipo kazi ambazo ndege haziwezi kuzifanya kwa niaba yetu. Ndama atakayezaliwa usiku wa leo, huko Bambi au Wete, anahitaji dang'a kabla ya saa 2 kupita, iodini kitovuni, na mkono utakaopapasa masikio yake kila siku. Akivipata hivyo, na afisa akafika siku aitwayo, baada ya miaka mitatu nyumba hiyo itakuwa na ng'ombe wa pili.